Kabari ya Fundi Mutheu

Ukitaka kumjua Fundi Mutheu, usimuulize habari zake, mpe kiatu tu. Atakipindua, atakitazama soli, na kabla hujapata pa kukaa atakuwa ameshakwambia kwamba mzigo huubebea bega la kulia, kwamba ukipanga foleni husimamia mguu mmoja, na kwamba nyumbani kwako kuna ngazi. Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi husema kweli.

Kibanda chake kiko Msambweni, mkabala na lango la Chuo cha Ufundi cha Barakani. Ni cha mabati, na mbele yake kuna gogo la mnazi la kukalia wateja. Wateja wenyewe hawalikalii, kwa sababu kila alasiri huwa limeshajaa watu wasio na kiatu chochote cha kushonwa. Hao huja kuzungumza mpira, na mwenye kibanda huzungumza kuwashinda wote, sindano mkononi, uzi wa nta mdomoni, miwani ikiwa imefungwa kamba upande mmoja kwa sababu fundi hana wakati wa kujitengenezea vitu vyake mwenyewe.

Ana miaka hamsini na mbili. Babake, Maweu, alitoka Kitui akaja kulima mashamba ya makazi kule Shimba Hills, akiwa na mke, majembe mawili na kisanduku cha vifaa vya kushonea viatu. Wanawe wa kiume waliikataa kazi ya viatu, wakasema inanuka, kwa hiyo akamfundisha binti. Na jambo alilolisisitiza kuliko mengine lilikuwa kabari. Kabari ni kipande cha ngozi kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kisichozidi nusu kidole. Mzee Maweu alikuwa akimwona mtu ambaye kiatu chake kimelika upande mmoja, basi hufungua soli ya ndani, hutia kabari chini yake pale palipolika, huigundisha, huishona, na mtu huyo huondoka akitembea wima. Hamuulizi, wala hamtozi kitu. Alikuwa akisema mtu hajui kwamba anakwenda upande, na kumngoja aje akwambie ni kumwonea.

Mutheu ameufuata mwendo huo kwa miaka thelathini. Aliufuata akiwa Shimba Hills, akaufuata alipoolewa na dereva wa malori ya Lunga Lunga na kuhamia Msambweni, na akaufuata baada ya mumewe kufariki na watoto kwenda kujitafutia maisha Mombasa. Nusu ya mji hutembelea kabari zake. Wengine wanajua, wengine hawajui. Na zaidi ya ibada ya Jumapili na kwaya, hakuna jambo linalompa raha kama kumwona mtu aliyekuwa akipinda akipita barabarani amenyooka, halafu akijua moyoni nani aliyemnyoosha.

Mpira aliuingia kwa njia ya viatu pia. Vijana wa chuo walikuwa wakimletea njumu zao zimepasuka, naye siku moja akafunga kibanda mapema, akaenda uwanjani kutazama kama mshono wake unastahimili. Mshono ulistahimili, lakini yeye hakurudi kuwa mtu yule yule. Tangu hapo hajakosa mechi hata moja ya nyumbani, na wakati wa mvua huenda na gunia la kujifunika.

Muhula huu gogo lilikuwa na swali moja tu. Je, Issa bado anafaa kuanza?

Issa ni kijana wa Munje, mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa mwisho, mrefu, mpole, anayeamkia watu wazima wote kuanzia langoni hadi dukani mpaka inakuwa anachelewa darasani. Uwanjani huvaa jezi namba kumi. Timu nzima humpitia yeye. Beki akinyang'anya mpira humtafuta Issa, na washambuliaji hukaa huko mbele wakimngoja Issa. Mechi mbili za kwanza za ligi ya vyuo alikuwa akipiga pasi za kushangaza, hasa ile yake ya upande wa nje wa mguu wa kushoto, ambayo huondoka ikionekana inakwenda kwa jirani kisha inarudi yenyewe hadi miguuni mwa mwenzake. Halafu, ghafla, mambo yakaharibika. Mechi ya tatu, ya nne na ya tano pasi zile zile zilikwenda kwa jirani na hazikurudi. Barakani walifika fainali kwa penalti moja na dua nyingi.

"Kijana amekwisha," alisema Fundi Mutheu, alasiri ya Jumanne. "Nasema kwa uchungu, lakini amekwisha."

"Hakwisha," alijibu Suleiman. "Ana mawazo."

Suleiman alikuwa mpishi wa hoteli moja Diani hadi alipostaafu, na ujanani aliichezea timu ya wapishi. Hilo alilitaja kila siku, mara nyingi kabla ya kuulizwa.

"Mawazo gani? Ana miaka ishirini na mbili!"

"Fundi, wewe mpira waujua kwa soli. Mimi nimeucheza. Mchezaji wa namna ile hapotei kwa mwezi mmoja. Kuna kitu chamsumbua."

"Kinachomsumbua ni sifa. Amezoea kusifiwa. Sasa hivi akipata mpira anaukanyaga, anautazama, anafikiri, na wenzake wameshachoka kukimbia. Munyoki yuko benchi pale, ana mapafu, ana mbio. Mwache Munyoki aanze."

Mwinga, mwendesha bodaboda ambaye pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa hapo hapo na abiria wake akiwa bado amekaa juu yake akisubiri, alicheka. "Sema kweli, Fundi. Wamtaka Munyoki kwa kuwa ni mtu wa kwenu."

"Munyoki kwao ni Kitui. Mimi kwetu ni Shimba Hills," alisema Mutheu, akamwelekezea sindano. "Na wewe wiki iliyopita ulisema nini? Si ulisema Issa auzwe kwa kilo?"

"Nilisema. Lakini ile ilikuwa tumefungwa."

Mwinga hubadilika na matokeo, na haoni haya. Tukishinda Issa ni mfalme, tukifungwa ni gunia la mihogo. Abiria wake alishuka, akaamua kwenda kwa miguu.

Mutheu hakuridhika na kusema gogoni. Jioni hiyo alishika simu, akarekodi sauti ya dakika tatu na nusu, akaituma kwenye kundi la mashabiki la WhatsApp, ambalo lina watu mia mbili na zaidi, wakiwemo wachezaji na kocha mwenyewe, Mwalimu Elijah anayefundisha uchomeleaji. Ilikuwa hotuba tamu, hilo halina ubishi. Alieleza mechi kwa mechi. Alisema mchezaji mzuri ni mguu na kichwa, na Issa siku hizi mguu wake haujui alipo. Alisema timu haiwezi kubebwa na jina. Alimalizia kwa kumtakia heri katika kazi ya umeme. Watu waliicheka, wakaisambaza, ikafika mpaka Majoreni kwa watu wasioijua hata timu yenyewe.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Issa alikuja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama na njumu moja mkononi, ya kushoto. Ilikuwa imefumuka ubavuni, upande wa nje. Mutheu aliipokea bila kumtazama sana machoni, kwa sababu kumsema mtu kwenye simu ni rahisi kuliko kumsema akiwa amekuamkia. Akamwambia aje kesho baada ya swala ya Ijumaa. Issa akasema ahsante, akaenda zake.

Kama kawaida, fundi aliipindua kwanza njumu akatazama soli. Kisha akachomoa soli ya ndani apate kushona vizuri, na hapo akakutana na kabari. Ilikuwa yake. Jambo la kwanza lililomjia, na ni lazima lisemwe, lilikuwa kujisifu. Kazi safi! Gundi haikuachia hata mahali, mshono umelala, ngozi imekatwa kwa mkono usiotetemeka. Alikumbuka alivyoitia. Kijana alileta njumu zile za mitumba kushonwa mbele, naye akaona ile ya kushoto imelika vibaya upande wa nje. Akamwonea huruma, anatembea upande na hajui. Akamtilia kabari ya kumnyoosha, bure kabisa.

Jambo la pili lilikuja polepole. Kwenye soli ya ndani kulikuwa na shimo dogo pale kidole gumba kinapokaa. Kidole kilikuwa kimekwangua mpaka kikatoboa, kama mtu anayejishikilia asianguke. Na ule mfumuko wa ubavuni ulikuwa pale pale kabari ilipoanzia. Mguu ulikuwa unakataa. Ulikuwa unasukuma kwenda nje, kabari inaurudisha ndani, mpaka uzi ukashindwa.

Aliitia lini? Mutheu aliweka sindano chini. Ilikuwa siku moja kabla ya mechi ya tatu. Alihesabu kwa vidole, akianzia cha mwisho. Mechi ya kwanza, moto. Ya pili, moto. Kabari. Ya tatu, ya nne, ya tano.

Alihesabu tena akianzia kidole gumba, ikaja vile vile.

Hapo ikumbukwe kwamba Fundi Mutheu ana miguu mikubwa, jambo ambalo wanakwaya wenzake hulitania. Njumu ya Issa ilimwenea. Aliivaa, akafunga kamba, akaenda nyuma ya kibanda mguu mmoja njumu na mguu mwingine sandali, akaweka kopo tupu la gundi chini, akalipiga kwa upande wa nje wa mguu akililenga shina la mpapai. Kopo likaingia mtaroni. Akalifuata, akapiga tena, likaingia mtaroni tena. Akakaa chini, akavua, akang'oa kabari kwa kisu, akavaa, akapiga. Kopo lilikwenda likapinda, likagonga mpapai.

"Lahaula!" alisema Mwinga, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya kibanda. "Fundi, wajisajili? Fainali ni keshokutwa."

"Najaribu mshono," alisema Mutheu, akiwa amejishika kiuno.

"Jaribu tu. Mimi nimekuletea habari njema. Kocha ameamua. Munyoki anaanza, Issa benchi." Mwinga alitabasamu kama aliyeleta zawadi. "Na asema ile sauti yako ameisikiliza mara mbili. Hata wanafunzi wake wa kuchomelea wameisikiliza. Hongera, Fundi. Umepanga timu."

Mutheu alirudi ndani akaketi. Mpaka Mwinga alipofika, mpango wake ulikuwa umeshakamilika, na haukuwa mpango wa kujivunia. Angeshona njumu, angenyamaza, kijana angecheza vizuri Jumamosi, na yeye angesema kwenye gogo kwamba maneno yake makali ndiyo yaliyomwamsha. Sasa hakukuwa na Jumamosi ya kucheza vizuri. Ile ilikuwa mechi ya mwisho ya Issa. Baada ya wiki mbili angekwenda Mombasa kwa mafunzo ya kazi, na jambo la mwisho ambalo watu wangelikumbuka juu yake ni kwamba alikaa benchi kwa kuwa mguu wake haujui alipo. Aliona aibu, aibu ile inayopasha masikio joto. Na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, maana mji mzima ulikuwa unatembelea mikono yake. Akisema amemharibia mtu mguu, nani atamletea kiatu?

Ijumaa, Issa alikuja akiwa amevaa kanzu, ametoka msikitini. Habari ya benchi alikuwa ameshaipata, hilo lilionekana. Aliichukua njumu, akaiangalia mshono, akaingiza mkono ndani, akautoa.

"Ahsante sana, Mama. Mungu akuzidishie."

Mutheu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapo, ameyapanga tangu alfajiri. "Haya, mwanangu," ndiyo yaliyotoka. Kijana akaaga akaenda, na yeye akajichukia kwa dhati.

Alasiri gogo likajaa. Suleiman alikuwa amenuna kwa ajili ya Issa, hata chai aliikataa. Mwinga alikuwa akieleza jinsi alivyokuwa akimwamini Munyoki tangu zamani. Na Mwalimu Elijah, akipita kwenda uwanjani na filimbi yake shingoni, alisimama kidogo kuwasalimu.

"Mwalimu," alisema Mutheu, na akaona sauti yake imepanda kuliko alivyotaka. "Usimweke Issa benchi. Kosa si lake, ni langu mimi."

Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kile kipande cha ngozi, akakiweka juu mbele yao wote. Akaeleza. Alieleza kiatu kilivyolika, alivyodhani ni ubovu, alivyomnyoosha mtu ambaye kupinda ndiko kulikokuwa kunampigisha pasi zile. Hakujitetea, ila mara moja tu alimtaja babake, kisha akajirudi akasema babake alikuwa akishona viatu vya wakulima, hakuna mkulima anayepiga jembe kwa nje ya mguu.

Mwalimu Elijah alikishika kile kipande, akakipima kwa jicho kama anavyopima chuma. "Mama, hiki? Nusu kidole?"

"Nusu kidole kiatuni, Mwalimu. Mpira ukifika mwisho ni hatua tano."

"Ndiyo mimi nikasema!" Suleiman aliruka kutoka gogoni kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu timu ya wapishi. "Nilisema kuna kitu chamsumbua! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," alikubali Mutheu.

"Nami nilisema pia," alisema Mwinga.

Mwalimu Elijah alikirudisha kile kipande mezani. Alisema atamtazama mazoezini, hatoi ahadi. Alipokwisha kwenda, Mutheu alidhani shughuli imeisha, lakini Suleiman alirudi kukaa, akanyoosha kanzu yake magotini na kusema kwa upole, "Fundi, ile sauti iliingia kwenye kundi. Na hii nayo yafaa iingie."

Alijaribu mara tatu. Ya kwanza alijisifu bila kukusudia, akaifuta. Ya pili alianza kujitetea, akaifuta nayo. Ya tatu ilikuwa ya sekunde ishirini: "Mimi Mutheu, fundi viatu. Nilimsema Issa vibaya. Njumu yake mimi ndiye niliyeiharibu, nikidhani natengeneza. Mguu wake unajua ulipo. Mnisamehe, na yeye anisamehe." Akabonyeza kabla hajabadili nia.

Matokeo hayakukawia. Kabla jua halijazama walikuwa wamefika watu wanne kuuliza kama na wao wametiwa kitu. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa akitembea wima mwaka wa tatu sasa, alidai chake king'olewe papo hapo, akaondoka akipinda kwa hasira. Mama muuza mahamri alikichukua kiatu ambacho hakijashonwa, akasema atakipeleka Ukunda. Mutheu aliwang'olea na kuwarudishia bila kubishana, na kila kabari aliyoing'oa ilimuuma.

Jumamosi orodha iliposomwa, namba kumi ilikuwa ya Issa. Munyoki alipangwa winga ya kulia. Uwanja ulikuwa umefurika, watu wa Lunga Lunga, wapinzani wetu, wamekuja na ngoma na malori mawili, na Mutheu alisimama kwenye mstari wa chokaa kabisa, mbele ya wote, ili anayetaka kumtupia neno asipate shida ya kumtafuta.

Pasi ya kwanza ya Issa ilitoka nje. Ya pili ilimwendea refa. Watu wakaanza kugeuka, si kumtazama Issa, kumtazama yeye. Mwinga akasema, "Fundi, una hakika hukusahau kimoja ndani?" Mutheu alikuwa akiomba kimoyomoyo, na maombi yake yalikuwa ya njumu ya kushoto peke yake.

Mpira wa tatu Issa aliupokea akiwa amegeukia lango lake. Aligeuka, akainamisha bega, akaegemea upande wa nje wa mguu kwa ule mkao ambao Mutheu aliutazama mwezi mzima akiuona ubovu. Mpira uliondoka ukielekea kwa watu wa ngoma. Kisha ukaanza kurudi. Munyoki aliukuta umeshafika, hakuwa na la kufanya ila kuusindikiza wavuni. Mutheu alipiga kelele mpaka miwani ikaanguka, na Suleiman akaikanyaga kwa furaha.

Lunga Lunga walisawazisha kipindi cha pili, kwa kuwa nao walikuja kucheza. Ikaenda mpaka penalti. Barakani wakashinda kwa moja, ingawa Issa mwenyewe alipiga yake juu ya lango, ikaenda kutua shambani. Kombe lilikuwa halijakabidhiwa na Mwinga alikuwa ameshaanza: "Kupasi, hapo sawa. Penalti hajui. Kweli si kweli?" Suleiman akamjibu, mwingine akaingia, na mjadala ukawaka upya kana kwamba hakuna lililotokea.

Mutheu alijitenga kidogo, akakaa kwenye nyasi kando ya goli akijaribu kuunganisha miwani. Hapo ndipo Issa alipomfuata, jasho linamtiririka, njumu bado mguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Akakaa. "Ile sauti yangu ya pili uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi nisikie nikikwambia na kwa mdomo. Nisamehe. Nilikuharibia kiatu, nikakuharibia na jina. Na jana ulipokuja kibandani nilikuwa nimeshajua, nikashindwa kukwambia."

Issa alitazama nyasi. "Yamekwisha, Mama. Na mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kabari. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nilivaa pale pale kibandani, nikasimama, nikahisi kiatu chanisukuma ndani."

Mutheu alimgeukia. Alimkumbuka amesimama kwenye mlango wa mabati, anatabasamu, anasema ahsante. "Na mbona hukuniambia? Ningeitoa saa ile ile!"

"Ulikuwa umefurahi sana, Mama. Ulisema, nimekunyoosha, utazoea. Nikasema labda nitazoea. Nyumbani nilimweleza mama yangu, nikamwambia nataka kukirudisha. Akasema, mtu mzima amekaa akakutengenezea, hukumwomba wala hakutaka kitu, wewe wapeleka lawama? Peleka shukrani. Kwa hivyo ndiyo nikaja siku ya pili na yale maembe."

Maembe aliyakumbuka. Aliyala siku nzima, akawagawia na watu wa gogoni huku wakimjadili mwenye maembe.

"Issa. Nilipokusema kwenye simu. Watu mia mbili. Ungetoa neno moja tu. Ungesema ni kiatu."

"Ningesema ni kiatu, wangeuliza nani alikishona," alisema kijana, taratibu, kama anayeeleza jambo la wazi. "Na wewe ndiyo kazi yako, Mama. Mimi mpira nacheza tu."

Fundi Mutheu alilia. Hakujificha wala hakusingizia vumbi, alilia mbele ya goli, miwani iliyovunjika mkononi, na Issa akakaa kando yake bila kujua afanye nini na mikono yake. Huko nyuma walikuwa wanaitana kupiga picha na kombe. Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya leso, akavuta pumzi, akatazama zile njumu. Ile ya kushoto ilikuwa imeanza kukaa tena kule kwake, upande.

Mkono ulimwenda wenyewe kuigusa, ukasimama njiani.

"Kuna mahali panakubana?" aliuliza. "Nataka uniambie wewe."

Issa alisita. Alimtazama, akatazama chini, akataka kusema hapana, ilionekana kabisa usoni kwamba alitaka kusema hapana. Kisha akanyoosha mguu mbele yake.

"Hapa, Mama," alisema. "Kwenye kidole gumba. Paniuma siku nyingi."